Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hatembezwi kwa kunyooshwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo (cerebral palsy), yaani ulemavu wa mwendo unaotokana na ubongo kuumia mapema, hapa Uganda tiba yao ni moja: kukandwa na kunyooshwa. Mama analipa boda boda, mtoto analazwa chali kwenye mkeka, miguu inavutwa, vidole vinafunguliwa, analia, kisha wanarudi nyumbani hadi wiki ijayo. Muda wote huo ubongo wake haujatoa amri hata moja. Kinachobadilisha mwendo wa mtoto ni mwendo anaouanza yeye mwenyewe, tena mara nyingi, na mapema iwezekanavyo.

Tatizo hili lilianzia kwenye ubongo. Amri ya kusogeza mkono hutoka kwenye tabaka la juu la ubongo, hushuka kwa nyuzi ndefu hadi uti wa mgongo, na huko ndiko misuli hupata habari. Mtoto njiti mara nyingi huumia nyuzi zinazopita kando ya vyumba vya maji vilivyomo ndani ya ubongo. Nyuzi za miguu ndizo zinazopita karibu zaidi na vyumba hivyo, ndiyo sababu miguu yake hukakamaa kuliko mikono. Mtoto aliyetimiza miezi yake akakosa hewa wakati wa kuzaliwa, au aliyeachwa na manjano kali bila kuwekwa kwenye taa, huumia zaidi viini vya katikati ya ubongo, na mwili wake hujipinda na kurukaruka bila yeye kutaka. Tena si wote wanaozaliwa hivyo. Utafiti wa wilaya za Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, uliochapishwa 2017 ulikuta karibu watoto 3 kati ya kila 1,000 wana mtindio wa ubongo, na yapata robo yao waliumia baada ya mwezi wa kwanza wa maisha, wengi kwa malaria kali yenye degedege.

Watu husahau kwamba mwendo unahitaji njia mbili, ya kushuka na ya kupanda. Mkono hupeleka habari juu: nimeshika nini, ni kizito, ni laini, kinateleza. Habari hizo hupita kwenye kiini kiitwacho thalamasi kabla ya kufika tabaka la juu. Mwaka 2002 watafiti wa Baltimore, Marekani, walitumia aina ya MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku) inayoonyesha mwelekeo wa nyuzi za ubongo kwa watoto waliozaliwa njiti, wakakuta nyuzi za hisia zimeharibika kuliko nyuzi za amri zenyewe. Tafiti zilizofuata zikaonyesha hali hiyo kwa watoto wengi zaidi. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa na misuli yenye nguvu na bado akaangusha kikombe, kama vile mtu aliyelalia mkono ukafa ganzi anavyoshindwa kufunga kifungo cha shati. Mtoto wa namna hiyo anahitaji vitu vyenye habari mkononi: gunzi la mahindi, kitambaa cha gunia, kijiko cha chuma kilichotoka kwenye maji baridi. Mdoli laini wa plastiki haumwambii kitu.

Jambo la pili ni umri. Mtoto anapozaliwa, kila upande wa ubongo hutuma nyuzi kwa mikono yote miwili. Katika miaka miwili ya mwanzo nyuzi hizo hushindana, na zinazotumika ndizo zinazobaki na kuimarika. Upande mmoja wa ubongo ukiumia, nyuzi zake hushindwa na kuachia nafasi, na mkono usiotumika huzidi kusahaulika. Ndiyo maana "tusubiri afike miaka mitatu, huenda atakua akapona" ni ushauri unaomwibia mtoto miezi yake ya maana kuliko yote.

Kwa mtoto mchanga aliyelegea au kukakamaa upande mmoja, kuna njia iliyofanyiwa utafiti ambayo mzazi anaweza kuifanya nyumbani akishaelekezwa. Mkono wenye afya, usio dhaifu, huvishwa soksi laini au glavu isiyo na vidole, kwa dakika 30 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 6. Hufuata mapumziko ya wiki 6, kisha awamu ya pili ya wiki 6. Dakika hizo si lazima ziwe za mfululizo. Kumi asubuhi, kumi mchana na kumi jioni zinatosha. Mtoto akae ameegemezwa vizuri, kwa sababu anayepigana asianguke hana mkono wa kuchezea. Weka kitu chepesi chenye sauti upande wa mkono dhaifu, mbele yake, karibu kiasi kwamba akijaribu kidogo atakigusa. Chupa ndogo yenye punje chache za mahindi inafaa, mradi kifuniko kimekazwa sawasawa na huondoki pale, kwa sababu punje ikitoka humkaba.

Halafu subiri. Hapa ndipo wengi hukosea. Mtoto anatazama, anavuta pumzi, bega linasogea, vidole bado vimekunjwa, na mama kwa huruma anachukua kile kitu na kukipachika kiganjani. Amri iliyokuwa inaanza kushuka inakatizwa. Hesabu polepole hadi ishirini kabla ya kusaidia, na ukisaidia, shika kiwiko au bega na umwachie vidole. Akikasirika kila mara, kitu ni kizito au kiko mbali, kirahisishe. Akikifikia kila mara bila shida, kisogeze.

Kosa jingine ni kufunga mkono wenye afya kutwa nzima. Mkono huo nao ubongo bado unaujenga, na ukifungwa mno unaweza kudhoofika. Usitumie kamba wala bandeji ya kubana. Mtoto akishakua kidogo, muda mwingi uhamie kwenye kazi za mikono miwili, kama kumenya ndizi mbivu, kufungua mkebe, kushika sahani huku akiisugua au kubeba kikombe cha uji.

Aliyeumia pande zote hafungwi mkono. Kwake chagua kazi moja anayoitaka. Kama ni kusimama, mweke kwenye kigoda, nyayo zote mbili zikiwa chini, magoti na nyonga vimekunjwa kwa pembe ya mraba, mbele yake meza imara ya kushika. Anza na kigoda kirefu, maana kusimama kutoka juu ni rahisi, kisha ukishushe kadiri anavyopata nguvu. Ainame mbele kwanza, pua ipite vidole vya miguu, ndipo ainuke. Akivutwa kwa mikono hujifunza kujitupa nyuma.

Kunyoosha kuna mahali pake, ila ni padogo. Dakika chache za kuvuta mguu hazizuii misuli kufupika. Mkao mzuri wa saa nyingi na mabanzi (vifaa vigumu vinavyofungwa kushikilia kiungo kikiwa kimenyooka) husaidia zaidi. Kiti cha pembe, yaani chenye mgongo uliokunjwa kama kona ya ukuta, kinaweza kutengenezwa kwa maboksi yaliyogandishwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya unga wa muhogo, kikakaushwa vizuri juani. Kuvuta kwa nguvu ni hatari, kwani mifupa ya mtoto asiyesimama ni dhaifu na huvunjika. Nyonga za mtoto asiyetembea zipigwe eksirei hata kama halalamiki, kwa kuwa huchomoka taratibu bila maumivu mwanzoni.

Wazazi wengine wanauza shamba ili wapige MRI Kampala kwanza. Picha ina faida kwa daktari, lakini takriban mtoto mmoja kati ya kumi wenye hali hii picha yake huonekana ya kawaida, na mazoezi hayana haja ya kuisubiri. Kichwa kinachokua haraka kupita kiasi ni jambo tofauti. Huyo apelekwe hospitali mara moja.

Ombi letu kwa Wizara ya Afya ni dogo. Kila mtoto huletwa chanjo akiwa na wiki 14. Kati ya wiki 9 na 20, mtoto mwenye afya aliyelala chali, akiwa macho na ametulia, huwa na miondoko midogo isiyokoma ya shingo, vifundo vya mikono na vya miguu, kila upande. Isipokuwepo, hiyo ni dalili nzito. Njiti ahesabiwe wiki kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Muuguzi anaweza kurekodi video ya dakika 3 kwa simu, mtoto akiwa na nguo chache, bila nyonyo ya bandia mdomoni wala cha kuchezea, na kumtumia mtaalamu aliyefundishwa katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Tangu Aprili 2025 ipo pia chanjo ya malaria inayotolewa katika miezi ya 6, 7, 8 na 18. Tatu za kwanza ni nafasi nyingine za kumpa mtoto kitu na kuangalia kama ananyoosha mikono yote miwili. Anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka mmoja asiitwe mashoto. Apewe rufaa siku hiyohiyo, na mama asiondoke kliniki kabla ya kuonyeshwa jinsi ya kumkalisha na kumwekea kitu cha kufikia.

Wataalamu wa tiba ya viungo kwa watoto,
Jinja