YAH: KUSHUSHWA UYOLE WAKATI TIKETI NI YA MBALIZI

Meneja,
Kampuni ya Mabasi,
Ofisi ya Mbeya.

Ndugu Meneja,

Tiketi yangu imeandikwa Iringa–Mbalizi. Gari lenu lilinishusha Uyole, kabla hata ya kufika Mbeya mjini. Nakala ya tiketi nimeiambatisha, na muhuri wa ofisi yenu ya Iringa unasomeka bila shida.

Nilikuwa na maboksi matatu ya vifaranga wa siku moja. Kijana wenu wa kukatisha tiketi aliyaona, akanitoza hela ya mzigo, akanihakikishia kuwa jioni mapema nitakuwa Mbalizi. Nyumbani jiko la mkaa lilishawashwa kwenye bruda, chumba cha joto cha kulelea vifaranga, kwa ahadi yake hiyo. Tulipofika Uyole giza limeshaingia, kondakta akasimama mlangoni: "Mwisho wa gari! Mjini foleni, wa Mwanjelwa na Mbalizi mtafute bajaji." Pole hatukupewa. Boksi moja lilishushwa kichwa chini miguu juu, nami nikiwa nimeshika mawili.

Baridi ya Uyole mwezi wa saba mnaijua. Nilivua kitenge nikafunika maboksi, huku nikiacha matundu ya pembeni wazi ili wapate hewa. Bajaji wa kwanza walikataa katakata: usiku, kushuka mteremko wa Iwambi katikati ya malori, kwa mzigo ule! Aliyekubali alitaka shilingi 30,000, nikalipa. Asubuhi nikaokota vifaranga 41 waliokufa, wengi wao wamelaliana kwenye kona moja wakitafuta joto.

Nilipodai nirudishiwe nauli ya kipande kilichobaki, kondakta alisema niende ofisini. Ofisini nikaambiwa nimtafute kondakta.

Sasa hiyo foleni. Ni kweli ipo, sibishi. Barabara inayopanuliwa kuwa njia nne, kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi, ndiyo hiyo hiyo inayobeba malori ya Zambia na Kongo, daladala, bajaji na mikokoteni ya viazi. Lakini foleni hiyo haikuanza siku mliponiuzia tiketi. Barabara hiyo, TANZAM, yaani ya Tanzania na Zambia, ilitengenezwa baada ya Ian Smith, kiongozi wa walowezi, kujitangazia uhuru kule Rhodesia (Zimbabwe ya leo) mwaka 1965, Zambia ikawa inahitaji njia ya kufika bandari ya Dar es Salaam bila kupita kusini. Tangu enzi hizo malori yanakatiza katikati ya Mbeya. Kampuni yenye magari yanayopita hapa kila siku haiwezi kuniambia kwamba foleni ya Mafiati pale mjini imeishtukiza. Kama hamtaki kuingia mjini, andikeni Uyole kwenye tiketi na mtoze nauli ya Uyole. Mimi ningepanga mapema gari la kunipokea. Mnachofanya ni kuuza safari nzima, kisha kilomita kama 20 za mwisho, zile ngumu, mnamwachia abiria na bajaji.

Hilo lina jina lake, ni kukatisha ruti, na madereva wenu wanalijua maana hata daladala za mjini hukamatwa kwa kosa hilo. (Mama mmoja tuliyeshuka naye, aliyekuwa na mgonjwa wa kumpeleka hospitali ya Ifisi, alilia pale pale stendi. Yeye sijui kama atawaandikia.)

Naomba mnirudishie tofauti ya nauli kati ya Uyole na Mbalizi, shilingi 30,000 za bajaji, na thamani ya vifaranga 41 kwa bei iliyo kwenye risiti niliyoambatisha. Naomba pia maelezo ya maandishi kuhusu nani aliyeamuru gari liishie Uyole, kwa sababu kondakta alisema ni "maagizo ya ofisi".

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nakala yake pamoja na tiketi nitazipeleka LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, hapa Mbeya.

Wenu,
Abiria wa kiti C3,
Mbalizi.