Kizunguzungu cha wazee msikiite uzee tu

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako.

Mama yangu ana miaka 76, na kwa miezi minne kila akijigeuza kitandani upande wa kulia anaona chumba kizima kinazunguka, anang'ang'ania godoro kwa mikono miwili na kufumba macho mpaka itulie, na haifiki hata dakika moja. Tukampeleka kwa daktari, akapimwa presha, tukaambiwa huo ni uzee tu mama, apumzike. Hakuna aliyemwangalia macho wala kumwambia asimame atembee kidogo. Iliniuma sana na bado inaniuma.

Jamani, kila sikio kwa ndani lina mifereji mitatu yenye majimaji na vinyweleo vinavyohisi kichwa kikigeuka, taarifa inafika kwenye misuli ya macho fasta kuliko kupepesa, macho yanasogea upande wa pili, ndo maana ukitembea unasoma bango na herufi hazirukiruki. Umri ukisogea vinyweleo vinapungua, nyayo nazo zinapoteza hisia, kwa hiyo mzee anaegemea macho zaidi, sasa taa ikizimwa usiku akielekea chooni atashika nini? Shirika la Afya Duniani linasema watu kama 684,000 wanakufa kila mwaka kwa kuanguka, na wengi ni wa miaka 60 kwenda juu.

Baadaye mtu wa fizio, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, alimlaza mama haraka kichwa kikiwa kimegeuzwa kulia, tukaona wenyewe macho yanachezacheza. Kumbe vijiwe vidogo vya kalsiamu vilikuwa vimehama kutoka mahali pake vikaingia kwenye mfereji. Akamgeuza kichwa hatua kwa hatua kwa ile njia ya daktari Mmarekani John Epley, dakika chache tu imeisha, na usiku ule mama akajigeuza mwenyewe.

Sio kila kizunguzungu kinatibika hivyo, najua, na mwenye shida ya shingo asijaribu nyumbani. Ila naomba wahudumu wetu, mzee akisema anaona kizunguzungu mlazeni mumwangalie macho, mumuulize dawa za usingizi anazokunywa, mumfundishe zoezi la kukazia macho kidole gumba huku anageuza kichwa taratibu, ukuta ukiwa karibu. Mama analifanya kila asubuhi, ameshika kiti.

Msomaji wako