Barua kwa Mwanaidi, kuhusu sindano ya degedege

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Barua yako kaka yako kanikabidhi getini wakati natoka zamu, nikaisoma hapo hapo nimesimama. Alhamdulillahi, mtoto ameamka na anakula. Kilichoniuma ni maneno unayoambiwa hapo nyumbani, eti ulitaka kumuua mwanao kwa kumkimbiza hospitali, maana mtoto wa degedege hachomwi sindano. Na hospitali nao walimfanyia mambo yote yale mbele ya macho yako, hakuna aliyekueleza chochote. Hilo si haki. Mama anaelezwa, hata kama ni kwa maneno mawili huku mikono ikiendelea na kazi.

Nianze na mkweo. Usigombane naye, anasema alichokiona. Miaka ile mtoto akikakamaa, alifukizwa kwanza, akapelekwa kwa mganga, na alipofika hospitali alikuwa amezimia tangu jana yake. Akichomwa sindano, haipiti saa anafariki. Watu wanarudi nyumbani na picha ya mwisho machoni: sindano. Lakini kilichomuua ni malaria iliyokwisha kupanda kichwani, na saa zile zilizopotea njiani.

Sasa ya mwanao. Kulazwa ubavu na kufyonzwa mate ni ili hewa ipite. Vile vimipira vya puani ni oksijeni. Ukasema wakamtoboa kidole wakati bado anatetemeka, ukaona ni ukatili. Hapana, Mwanaidi, walikuwa wanapima sukari kwenye damu. Malaria kali hushusha sukari ya mtoto mdogo, na sukari ikishuka sana yenyewe tu inaleta degedege na kuharibu ubongo. Ndiyo maana wakamsukumia mishipani yale maji kwa bomba la sindano: ni maji ya sukari ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo. Mwanao ana kilo 12, kwa hiyo kama mililita 60. Hakuna dawa ninayoipenda kama hiyo. Nimeona mtoto aliyelegea kama kitambaa anafungua macho na kumtafuta mama yake.

Ile dawa waliyomwekea njia ya haja kubwa, ambayo wifi yako kaitangaza mtaa mzima kama aibu, ni diazepamu. Inakomesha degedege. Mtoto anayetetemeka mshipa wake haushikiki, na kinywani humpi kitu kwa sababu kitaingia mapafuni. Njia ile dawa inafika upesi. Baada ya hapo lazima pumzi zake ziangaliwe, kwa hiyo yule nesi aliyesimama tu hapo kitandani alikuwa kazini.

Sindano yenyewe iliyoleta ugomvi ni atesuneti, dawa ya malaria kali. Kwa mtoto aliye chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo, anachomwa akifika, tena baada ya saa 12, tena saa 24 tangu ile ya kwanza. Zamani tulitumia kwinini. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya utafiti wa watoto zaidi ya 5,400 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, na hospitali za Muheza na Korogwe, hapa hapa kwetu, zilikuwamo. Waliopewa atesuneti walikufa wachache kwa zaidi ya moja ya tano kuliko waliopewa kwinini. Watoto wa Muheza na Korogwe ni sehemu ya sababu dunia nzima ikabadilisha dawa. Mwambie Bi Mkubwa hilo, taratibu.

Umelalamika pia kwamba dripu ilikuwa inadondoka polepole mno, wakati mtoto wa kitanda cha pili aliwekewa ya haraka. Yule huenda alikuwa anaharisha, amekaukiwa maji. Huyo anahitaji maji mengi na upesi. Mwenye homa kali kama wako ni mambo mengine. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ukatolewa 2011, ulionyesha kwamba watoto wa namna hiyo waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi kuliko wasiomiminiwa. Hata madaktari hawakutegemea. Kwa hiyo polepole ile ilikuwa ya makusudi.

Na maji ya mgongo. Najua hapo ndipo ulipolia. Watu wanasema mtoto akitolewa maji ya mgongo hatembei tena. Sindano ile inaingia chini kabisa, usawa wa kiuno, mahali ambapo kamba ya mishipa ya fahamu iliyomo ndani ya mgongo imekwisha koma. Yanachukuliwa matone machache tu, na mwili unayarudisha wenyewe. Wanatafuta homa ya uti wa mgongo, kwa sababu inafanana na malaria ya kichwani na dawa zake ni nyingine. Ukikisia, unampoteza mtoto.

Ikitokea tena, Mungu aepushie mbali, mlaze ubavu sakafuni, ondoa vitu vigumu karibu yake, legeza nguo. Usimtie kijiko kinywani wala usimkandamize. Usimnyweshe kitu. Tazama saa: ikipita dakika 5 bado anatetemeka, ni hatari kubwa. Lakini hata ikikoma mapema, njooni. Si kila degedege ni malaria, wengine ni homa ya kawaida tu inayopita, ila hilo halijulikani mpaka apimwe.

Dawa ya mseto uliyopewa mpe yote, siku 3, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, hata kama anakimbia uwanjani. Kisha muangalie kwa wiki nne hivi. Baada ya atesuneti damu ya baadhi ya watoto hupungua siku za mbele. Ukiona viganja vyeupe, mkojo mweusi kama kahawa, au anachoka ovyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Niandikie wamekupangia siku gani ya kurudi kupima damu. Kama sina zamu nitashuka Pangani siku moja kabla, nikae na mkweo barazani nimsimulie mwenyewe. Naye ana haki ya kuelezwa kama wewe. Msalimie shemeji, na mtoto mbusu kwa niaba yangu.

Wako,
Zainabu