Mwanangu, wajukuu zangu usiwapeleke mbali

Mwanangu,

Salamu zenu nimezipata, marahaba, na wajukuu wabusu wote. Nimefurahi mno kusikia mwezi wa sita mnakuja Mwanza familia nzima, na uliposema unataka watoto watembee porini waone miti na ndege nikaona nikuandikie kabisa maana haya mambo kwenye simu hayaeleweki.

Kwanza nikuombe radhi. Ulikuwa na miaka kama sita hivi nikakuburuza ufukweni kutwa nzima, jua la saa saba linachoma, mi nataka tu tufike ghubani ukaone viboko, viboko wenyewe hatukuwaona na wewe ukarudi mgongoni kwangu miguu ina malengelenge. Tangu siku ile nikisema twende porini unajificha kwa mama yako. Lile lilikuwa kosa langu na bado linaniuma, ndo maana nasema hawa usiwapeleke mbali.

Hapa hapa nyuma ya kijiji panatosha. Kile kinjia kinachoanzia kwenye mkuyu mkubwa kikashuka mpaka kwenye mafunjo, kwenda na kurudi haifiki kilomita mbili, mtu mzima anamaliza fasta tu ila nyie chukueni asubuhi nzima. Tokeni saa moja, kabla jua halijawa kali, ndege bado wanapiga kelele. Mwezi wa sita mvua za masika zimeshaisha kwa hiyo njia inapitika, ila kule chini tope halikauki kabisa, wavae buti au raba za kufunga, sio kandambili.

Mkifika kwenye mkuyu msipite tu. Kila mtoto aokote kuyu moja alipasue, ndani atakuta vijidudu vidogo mno, wale ni aina ya nyigu, wanaingia mle kutaga na wao ndo wanaochavusha, bila wao mkuyu haupati mbegu. Yule mdogo akitaka kupasua kumi mwache apasue. Tumbili wakija msiwape chakula hata kidogo, ukimpa leo kesho anamnyang'anya mtoto wa mwenzio mkononi.

Halafu mnashuka, miti inapungua, ardhi inaanza kubonyea, hapo ndo mafunjo. Tafuta shina lililokwisha kuvunjika umpe mtoto alibiringishe kwenye vidole, atashangaa halizunguki vizuri, maana lina pembe tatu! Limenye kidogo aone ndani, nyeupe, laini kama sponji, limejaa hewa ndo maana linaelea. Bibi yako alikuwa anasuka majamvi kwa haya haya mafunjo, waambie hilo. Na waambie tope la mashambani mvua ikinyesha linanaswa hapo kabla maji hayajaingia ziwani, na kamongo anakaa humo humo kwenye tope, samaki anayepanda juu kuvuta hewa kama sisi. Kila mwaka watu wanafyeka na kuchoma wapate pa kulima, mi nikiona moshi ule upande wa ziwani roho inaniuma kweli, nataka hawa watoto wayaone yakiwa bado yamesimama.

Hapo kaeni kimya dakika tano tu. Mtasikia minana wanagombana kwenye viota vyao vinavyoning'inia, na furukombe akilia juu mtamjua, kichwa cheupe. Fundichuma naye ana kiota chake kwenye panda ya mti, rundo la vijiti kubwa kuliko karai, na yeye mwenyewe ni ndege wa ukubwa wa kawaida tu.

Sasa nisikilize vizuri. Mtoto yeyote asitie mguu majini, hata kunawa. Kichocho kipo, vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wanaokaa kwenye maji yaliyotulia vinapenya kwenye ngozi wala husikii kitu. Na mamba wapo. Mtu mzima mmoja atangulie mmoja awe nyuma, na nitaongea na kijana mmoja mvuvi awasindikize, yeye anajua viboko wanapandia wapi.

Siku nyingine twende wote kisiwa cha Saanane, boti inatokea Capri Point pale Mwanza mjini ni dakika chache tu. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2013, eneo lake kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji, kwa hiyo hata magoti yangu yanaiweza. Watoto wataona swala na pimbi kwenye mawe, na wale mijusi wenye kichwa chekundu na mwili wa bluu.

Nitumie namba za miguu ya watoto, buti nitanunua huku sokoni. Usisahau ya yule mdogo, mguu wake utakuwa umekua.

Baba yako