Njia za mji wa kale wa Amu (Lamu), sisi wa miguu tupite wapi?

Mhariri, asalaam aleikum,

Naandika barua hii nimekaa kwenye daka la jirani, kibaraza cha mlangoni mwake, hapa Mkomani na mguu nimeunyosha manake bado unaniuma, na nikwambie mapema mie si mwandishi, mie ni mama wa mahamri, lakini hili jambo limenikaa kooni siku nyingi na nimeona kama sie tunaotembea kwa miguu hatutasema basi hakuna wa kutusemea.

Jumanne iliopita alfajiri, saa kumi na mbili na kitu, nilikuwa nashuka na sinia kichwani, mahamri sitini na kawa juu yake, natoka Mkomani naenda Langoni kwa wateja wangu wa chai. Nimefika pale njia inapopita chini ya wikio, kile chumba kilichojengwa juu ya njia kuunga nyumba mbili, pale pa giza hata mchana, nikasikia mlio. Sasa chini ya wikio mlio huwezi kujua unatoka mbele au nyuma, kuta huku na huku na dari juu, unakujaa kichwa kizima. Nikajibana ukutani. Pikipiki ile ilikuwa na dereva, na abiria, na katikati yao gunia la viazi, ikapita, kioo chake cha pembeni kikashika buibui langu kikanivuta. Sinia chini. Kawa ikabingirika mpaka kwenye mtaro, mahamri mengine yakaifuata kawa na mengine yakaenda kwenye mavi ya punda, na mie nikaangukia goti.

Kijana akasimama, nisimsingizie. Akateremka, akaanza kuokota mahamri anayafuta kwa shati lake (ya kazi gani tena, lakini adabu anayo), akaniambia nisamehe mama sikukuona. Nikamwambia mwanangu, hukunionaje na njia yote ni mie? Kweli, pale ukisimama na kutanua viwiko unagusa kuta zote mbili. Akanitumia shilingi mia mbili kwa simu akaondoka. Mzee mmoja aliekuwa amekaa barazani akanipa maji, akasema sasa hivi hata yeye miguu anaiweka juu ya baraza siku hizi, akiiteremsha atakanyagwa.

Sasa kabla watu hawajanirukia, mwanangu mwenyewe ana pikipiki. Anabeba abiria Wiyoni na Kashmir huko, wakati mwingine mpaka Matondoni, na ndio anaenisaidia karo ya mdogo wake. Kwa hivo mie sio wa kusema pikipiki zote zitupwe baharini. Nimekula kwa hiyo pikipiki. Ninachosema ni kuwa mji wa kale haukujengwa kwa ajili yake, na yeye mwanangu nikimwambia hivo anakubali, anacheka tu anasema mama sasa mteja akitaka apelekwe mpaka mlangoni nifanyeje, nikikataa mwenzangu anakubali.

Hapo ndipo penye tatizo na ndipo viongozi wetu hawataki kupagusa. Marufuku ya pikipiki kuingia mji wa kale ilishatolewa, kila mtu anaijua. Ikitoka amri, wiki mbili askari wanasimama, wanakamata vijana wachache, wanawatoza, alafu askari wanachoka na pikipiki zinarudi, kwanza usiku, baadae alfajiri, mwisho mchana kweupe. Amri bila steji ni bure. Huyu kijana umemwambia asiingie, sawa, asimame wapi? Abiria ashukie wapi, yule mama mwenye mizigo akishushwa pale pembeni ya mji nani atambebea na kwa bei gani? Hakuna aliejibu. Kila mtu anapiga picha na bango la marufuku anaenda zake.

Nasoma siku hizi kwenye simu kuwa miji ya Ulaya inapigana kurudisha njia zake kwa watu wa miguu. Copenhagen huko Denmaki walifunga barabara yao kuu ya maduka mwaka 1962, magari yasipite, na wenye maduka wakalia kwamba watafilisika, wateja watakimbia. Mpaka leo watu wanapita humo kwa miguu na maduka yapo. Na Fez kule Moroko, mji wao wa kale uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981 na mpaka sasa ndani yake hakuna magari, mizigo inabebwa na punda na nyumbu, na wenye punda wanapiga kelele balak, balak, watu wapishe. Nilivosoma hivo nikacheka peke yangu, kwani si ndio hamali wetu anavosema simile, simile? Maana ni moja tu, ulimi ndio umebadilika.

Yani wenzetu wanatumia mapesa kutengeneza kitu ambacho sie tuliachiwa bure na wazee wetu. Njia za Amu zilipimwa na punda na mzigo wake. Zinateremka kuelekea baharini, mvua ikinyesha maji yashuke yenyewe na upepo wa bahari upande, na nyumba zimebanana makusudi ili kuta zitie kivuli, ndio maana saa saba mchana unaweza kutoka Mkomani mpaka Mkunguni bila kupigwa na jua la utosi. Zile wikio zilijengwa nyumba iguse nyumba, wanawake wapite kwenda kwa jamaa zao bila kushuka njiani. Na daka lina mabaraza ya mawe pande zote mbili za mlango kwa sababu njia ni sebule, mgeni unampokea pale kabla hujajua kama ni wa kuingia ndani au ni wa kuishia pale. Huwezi kuweka injini katikati ya sebule.

Serikali yenyewe inajua thamani yake, mji ulitangazwa kuhifadhiwa mwaka 1986 na UNESCO wakautia kwenye orodha 2001. Lakini mie, mhariri, sitaki kila siku tuambiwe tuache pikipiki kwa sababu watalii hawapendi. Mtalii anakaa siku nne anaondoka. Mie niko hapa miaka hamsini na mbili. Mjukuu wangu wa miaka mitatu haruhusiwi kuvuka kizingiti peke yake, na mamake alipokuwa na umri huo alikuwa anazurura mpaka Ngomeni tunamtafuta kwa kuuliza tu, "mumemuona?", na kila daka linakujibu amepita hapa.

Na msinielewe kuwa pikipiki ndio adui peke yake. Twende Usita wa Mui, njia yetu kuu ya maduka (kwenye karatasi wanaandika Harambee Avenue lakini mie sijasikia mtu wa hapa akisema tukutane Harambee Avenue). Wenye maduka wanatoa bidhaa nje kila mwaka shubiri moja, leo ndoo za plastiki, kesho magodoro, keshokutwa friji la soda limefungiwa mnyororo kabisa, na mikokoteni imeegeshwa, na hapo katikati imebaki nafasi ya mtu mmoja kujipenyeza ubavu. Mwingine ameziba baraza la nyumba ya mababu kwa simenti amefanya duka la simu. Ukimwambia anasema ni nyumba yake. Nyumba ni yake, njia si yake.

Mitaro ndio sitaki hata kuanza, lakini nitaanza. Vile vifuniko vya zege juu ya mitaro viliwekwa vya kukanyagwa na mtu, na punda kwa taabu. Pikipiki yenye watu wawili na gunia ikipita juu yake kila siku kinapasuka, kikipasuka kinaachwa, usiku taa hakuna, na mtu mzima anatia mguu ndani. Nyuma ya nyumba yetu kimoja kimevunjika tangu kabla ya Ramadhani, watoto wamechomeka kijiti na kitambaa chekundu kama alama, wakubwa wote tunapita tunaangalia kitambaa. Hata huyo fundi wa kaunti aliekuja alikipiga picha.

Punda nao si malaika. Wanaachwa wazurure na kula takataka jaani, na mavi yao yanatia watu kinyaa, hasa ukielekea msikitini na udhu wako. Kliniki ya punda ipo hapa tangu 1987 na imesaidia sana, lakini mwenye punda awe na jukumu pia, afagie nyuma ya mnyama wake. Ila punda akikukanyaga amekukanyaga mguu, hajakuvunja nyonga. Na punda husimama akiona mtu.

Ninachoomba sio kikubwa. Pembeni ya mji, zile sehemu pikipiki zinapoingilia, pawekwe steji za kweli, zenye paa na benchi na taa, kijana asipigwe jua wala asifukuzwe. Palepale wakae mahamali na mikokoteni na punda, bei iandikwe ukutani, mtu ashuke na mzigo wake upelekwe mpaka mlangoni na yule aliekuwa akifanya kazi hiyo tangu zamani na sasa amekosa kazi kwa sababu ya pikipiki. Hii mie nimeipiga hesabu na mwanangu jikoni usiku, yeye anasema akipata steji karibu na wateja hapotezi chochote, petroli anaokoa, na hagombani na wazee. Mgonjwa na mama mwenye uchungu wapite na chochote kile, hilo hakuna mwenye roho atakaebisha, lakini jamani tusiufanye uchungu wa mtu mmoja kuwa pasi ya kupitishia viazi.

Baada ya hapo ndio waingie wenye maduka. Pachorwe mstari chini, kama rangi ni ghali hata chokaa, bidhaa zisivuke mstari. Na vifuniko vya mitaro, na taa, maana mji wa kutembea kwa miguu ambao usiku huoni unapokanyaga ni mji wa nusu siku. Wanawake wa hapa tunatembeleana baada ya isha, ndio wakati wetu, na siku hizi wengi wanakaa ndani.

Kuna watakaosema haiwezekani. Nawauliza, wiki ya Maulidi inawezekanaje? Watu wanakuja kutoka Komoro, kutoka Tanzania, kutoka bara, njia ya msikiti wa Riyadha haipitiki kwa wingi wa watu na hakuna pikipiki inayothubutu, na bado mchele unafika, na sukari inafika, na mbuzi wanafika, na hao wageni wote wanakula na kushiba. Siku zile mie nauza mahamri mara tatu ya kawaida na sijawahi kuangusha hata moja. Alafu wageni wakipanda boti kurudi kwao, kesho yake asubuhi unasikia vruuum.

Tafadhali ichape barua hii, hata ukiipunguza. Na kama kuna afisa yeyote wa kaunti anaehusika na njia anaisoma, mie natoka nyumbani saa kumi na mbili kasorobo kila siku isipokuwa Ijumaa. Aje bila gari la serikali wala wapiga picha, nitampa sinia moja abebe, nusu tu ya ninayobeba mie, tutoke Mkomani tupite chini ya wikio mpaka Langoni. Mahamri yatakayofika ni yake na chai ntamlipia. Yatakayoanguka atalipa yeye, shilingi kumi kumi.

Wako,
Mama wa mahamri,
Mkomani, Amu