Salamu za shukrani kutoka kwa wazazi wa mtoto aliyetutangulia, Mbagala

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sisi wazazi na familia yote ya hapa Mbagala, Dar es Salaam, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia mtoto wa kiume, kisha akamchukua kabla hajatimiza mwezi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Tulitamani kupita nyumba kwa nyumba, lakini mliotushika mkono ni wengi na nguvu zetu bado ni chache.

Wengi mmetuuliza kwa upole mtoto aliumwa nini. Alizaliwa miezi yake imetimia, akalia vizuri, akanyonya. Baadaye akaanza kuliacha ziwa, akawa anatoka jasho kila akijaribu kunyonya, na rangi ikampotea. Bibi yake alipomwekea kiganja kifuani akasema, huyu moyo unakimbia, tuondokeni sasa hivi. Hospitali nesi akashindwa kuyahesabu mapigo kwa sikio. Mashine ikasoma 280 kwa dakika, wakati kichanga huwa kati ya 120 na 160. Tulielezwa kuwa umeme wa moyo wake ulikuwa umepata njia ya kuzunguka bila kukoma, na moyo wa mbio hizo haupati nafasi ya kujaa damu, hivyo unachosukuma ni kidogo.

Usiku ule! Walimwekea usoni mfuko wa barafu uliozungushiwa kitambaa, kwa sekunde chache tu, maana baridi ya ghafla usoni huweza kuutuliza moyo. Ukatulia, ukaanza tena. Wakamchoma adenosini, dawa ambayo lazima iingie mshipani kwa kasi na kusukumwa papo hapo na maji ya chumvi, kwa sababu nguvu yake huisha ndani ya sekunde. Mstari wa mashine ukanyooka. Mama yake akashika ukuta. Kisha pigo moja, jingine, jingine, mpaka 150. Alhamdulillah, tulilia kwa furaha, na furaha ile ya usiku mmoja bado tunamshukuru Mungu kwayo.

Kumbe zile saa za mbio mwili ulikuwa umeutanguliza ubongo, na utumbo umekosa damu ya kutosha. Tumbo likavimba na kukaza, akatapika kijani, choo kikatoka na damu. Eksirei ikaonyesha hewa ndani ya kuta za utumbo. Maradhi haya huwapata zaidi watoto njiti, ndiyo maana hatukuwahi hata kuyasikia. Maziwa yakasimamishwa, akawekewa mpira wa puani wa kutoa hewa tumboni, akaanzishiwa antibaotiki. Siku ya saba tulimpa jina akiwa vile vile, babu yake akimtajia sikioni. Utumbo ulipotoboka akaingizwa upasuaji, na sehemu kubwa ilikutwa imekwisha kufa. Alirudi wodini hai, tukakaa naye hadi alfajiri ya Ijumaa. Wenye vichanga, tunawaomba sana: akitapika kijani msisubiri kukuche.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa watoto wachanga wa Muhimbili, na wataalamu wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete waliokuja kumpima. Yupo nesi wa zamu ya usiku ambaye hatuna cha kumlipa. Ndiye aliyemhimiza mama aendelee kukamua maziwa hata mtoto alipokuwa haruhusiwi kunywa, na baada ya mazishi, maziwa yakiwa bado yanatoka, alipiga simu mwenyewe kumwelekeza namna ya kuyapunguza pole pole bila kuumia. Dada yetu, Mungu akuhifadhi na wanao.

Vijana wa kijiwe cha bodaboda, mlipaki pikipiki saa za abiria mkaenda kutoa damu. Tunataka mjue kwamba damu ilimfikia, haikupotea. Na wewe mzee wetu wa msikitini, uliyemshika mkono baba mtoto na kumwelekeza kumwosha mwanawe kwa mikono yake mwenyewe, jazakallahu khairan.

Shukrani pia kwa imamu na jamaa wote wa msikiti, majirani Waislamu kwa Wakristo, kwaya ya mtaani iliyokuja kutufariji, mjumbe wa shina, akina mama wa kikoba, wafanyakazi wenzetu, mashemeji na mawifi kutoka Tanga na Kilwa, shangazi aliyelala sakafuni hospitali, waliochimba kaburi, waliopika, waliotuma kwa simu bila hata kuandika jina.

Kama hukujiona hapa, tusamehe, tena tusamehe sana. Siku zile tulikuwa tunapokea mikono bila kuziona nyuso, na daftari la rambirambi lilijaa tukaendelea kuandika kwenye karatasi ambazo nyingine hatuzipati. Mungu hakukusahau. Na tuliyemjibu kwa ukali siku hizo, atuwie radhi.

Mwenyezi Mungu amjaalie mwanetu awe mwombezi wetu siku ya Kiyama. Amin.

Hitma itasomwa nyumbani Ijumaa hii baada ya Swala ya Alasiri, karibuni nyote. Masufuria mawili makubwa, mikeka na birika la bluu tulivyoazimwa wakati wa msiba bado vipo kwetu, wenyewe waje wavichukue siku hiyo.