Kwa Waziri wa Mazingira: Mdomo wa Mto Msimbazi Ni wa Nani?

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Mazingira,

Pokea salamu kutoka Kunduchi, pwani ya kaskazini mwa Dar es Salaam. Nimezaliwa hapa, marehemu baba alikuwa mvuvi, nami nina hisa katika chombo pamoja na ndugu zangu wawili. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo lenyewe si langu peke yangu. Barua za kawaida nimeshaandika, na ofisini nimeshakwenda; nitakueleza nilikoishia.

Masika iliyopita, siku chache baada ya mvua kubwa, tulivuta nyavu kabla hakujapambazuka. Zilikuwa nzito, vijana wakachangamka. Kilichopanda ni pampasi zilizovimba maji, vipande vya khanga, chupa za soda, ndala zisizo na wenzake, na vile vifungashio vyeupe vya kuuzia mchicha na maji ya kandoro, vyote vimegandamana kwa tope jeusi linalonuka choo. Samaki walikuwamo, vibua wachache wasiojaza ndoo. Tulikaa mchangani tukichambua jicho kwa jicho mpaka jua likawa kali, na pale nguo zilipojisokota ilibidi tukate wavu kwa kisu. Siku ile hatukuuza kitu. Tulishinda tukishona.

Mheshimiwa, tope lile halikuzaliwa baharini. Mto Msimbazi unaanzia huko kwenye vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, halafu unaingia baharini pale Daraja la Selander, katikati ya mikoko. Mkondo wa bahari wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, ivume kusi au ivume kaskazi. Kwa hiyo mto unachotapika pale mjini kina njia ya kwenda Msasani, visiwa vya Bongoyo na Mbudya, hadi huku kwetu. Njiani kinaungana na cha mito mingine midogo, nasi Kunduchi tunayo yetu pia, sikatai. Bongoyo na Mbudya ni hifadhi tangu mwaka 1975. Mvuvi akikamatwa anavua humo anajua atakachokipata. Pampasi inayoingia humo haina wa kuizuia.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Sheria tunazo, tena nzuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema katika kifungu cha 4 kwamba kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Inasema anayechafua alipe. Kuna kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007. Tumo katika Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985 wa kulinda bahari ya ukanda huu, na mwaka 2010 nchi za ukanda zikaandika itifaki nzima kuhusu uchafu unaotoka nchi kavu, kwa kutambua kwamba sehemu kubwa ya uchafu wa baharini huanzia majumbani na viwandani wala si melini. Lakini karibu kila sheria niliyoisoma inaanza kwa kumtafuta mtu: nahodha aliyemwaga mafuta, kiwanda chenye bomba, muuza mifuko. Mtu akipatikana, sheria inafanya kazi. Asipopatikana, inakaa kimya.

Msimbazi hauna mtu mmoja. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Nyumba nyingi hazijaunganishwa na bomba la majitaka, na huko mabondeni gari la taka halifiki kwa kuwa njia yenyewe haipitiki hata kwa bajaji. Mvua ikianza kunyesha usiku, watu wanatapisha vyoo, yaani wanavifungulia uchafu uende na maji. Kila mkazi wa jiji hili anaijua harufu ile na anajua inakoelekea. Sisemi ni halali. Nasema mama mwenye choo kilichojaa, asiye na fedha ya gari la kunyonya, akipigwa faini leo, mvua ya kesho itamkuta na choo kilekile.

Kwa kuwa mchafuzi wa kweli ni vigumu kumshika, mkono wa sheria unamwangukia aliye karibu. Mwaka jana maofisa walipita ufukweni kwetu wakapaka alama ya X nyekundu kwenye vibanda vyetu vya kuhifadhia nyavu, wakatutajia kifungu cha 57 cha sheria ileile ya 2004, kinachokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kifungu nakijua, na sheria ni sheria. Lakini niliwaomba waje hatua mia mbili tu, hadi pale mfereji unapoingia baharini, waone maji yalivyo meusi. Walisema mfereji si eneo lao. Nikaenda ofisi nyingine, wakaniambia maji ya mto yana wenyewe. Wenyewe wakaniambia taka ni za halmashauri. Halmashauri wakaniambia ikishafika baharini si yao tena. Nilitumia siku tatu na nauli ya daladala ya siku tatu, na mtu wa kusema "hili ni langu" sikumpata. Hakuna aliyenijibu vibaya, na naamini kila mmoja alikuwa sahihi kwa mujibu wa sheria yake. Hicho ndicho kinachoniogopesha.

Na hapo sijavuka maji. Sheria ya 2004 ni ya Bara, Zanzibar wana yao ya mwaka 2015. Chupa inayoelea kutoka Selander hadi Unguja inabadilisha sheria ikiwa katikati ya mkondo.

Najua Serikali ikiamua inaweza. Viroba vya pombe vilipigwa marufuku Machi 2017, vikatoweka. Mifuko ya plastiki ilikatazwa tarehe 1 Juni 2019, na kwa miezi ile ya mwanzo sisi wa baharini tuliuona unafuu kwa macho, nyavu zilipanda nyepesi. Baadaye vifungashio vikachukua nafasi ya vibebeo, na leo ukinunua nyanya za mia tano unapewa kimoja, pengine viwili. Katazo lilimwondoa muuzaji wa mfuko mmoja, mto wenyewe halikuugusa.

Ombi langu ni hili. Kila mdomo wa mto na mfereji mkubwa unaoingia baharini upewe mwenyewe kwa jina la ofisi, kwa kanuni utakayoitia saini wewe. Ofisi hiyo isiulizwe nani kachafua, iulizwe maji yakoje. Ipime maji yale kila mwezi, na majibu yabandikwe mahali tunapoyaona: soko la samaki la Feri, Msasani, Kawe, Kunduchi. Kila mwaka kabla ya masika iweke vizuizi vya kunasa taka mtoni na iwe na chombo cha kuzizoa. Fedha za faini zinazokusanywa kwa jina la mazingira ziende huko mabondeni, zikanyonye vyoo kabla ya mvua, maana gari la kunyonya ni rahisi kuliko bahari.

Kuna jambo moja la haraka zaidi. Bonde la Msimbazi lina mradi mkubwa uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, na pale Jangwani unahusisha daraja jipya la juu ili mafuriko yapite bila kufunga barabara. Nimefurahi kwa ajili ya wenzetu wa Jangwani, wameteseka miaka mingi. Ila yale mafuriko yalipokuwa yakikwama Jangwani yaliziacha taka nyingi palepale kwenye tope. Maji yakipata njia pana na ya haraka, taka zile zitakuja kwetu. Naomba sana mtu aulize swali hilo wakati wakandarasi bado wako kazini.

Tena nakukaribisha. Bamvua la kwanza, yaani siku za maji makubwa, baada ya mvua kubwa za Aprili, njoo Kunduchi saa kumi na moja alfajiri, na viatu ambavyo hutajali vikilowa. Tutakupa nafasi kwenye kamba tuvute pamoja, na kitakachopanda tutakichambua wote mchangani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mvuvi, Kunduchi, Dar es Salaam